Elspet na Mashine ya Kusoma kwa Masikio

Juzi tumemzika Elspet Dowie, na nyie mliokuwepo mlimsikia mchungaji mpya alivyomwaga sifa. Ati binti wa nuru. Ati asiyeona aliyewasomea wasioona. Mimi nikala mkate wao wa paja la nguruwe, nikanywa chai yao, nikanyamaza, maana marehemu hasemwi mbele ya keki yake. Lakini mchungaji mwenyewe kaja hapa kijijini Craigmuir juzijuzi tu, hajui hata nyumba ya kufulia ya zamani ilikuwa wapi, ndiye atamjua Elspet? Mimi namjua tangu anakojoa kitandani. Na ile mashine aliyokuwa anaisifu iko kwangu, chini ya dirisha la jikoni, nimeiwekea chungu cha maua juu. Kaeni niwaambie imefikaje pale.

Elspet alizaliwa nyumba ya nne kutoka kwetu, kwenye safu ileile ya nyumba za wachimbaji. Surua ilimchukua macho hata kabla meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Babake alikuwa mgodini, mamake alikuwa mkali kunizidi mimi, na hilo si jambo dogo. Mtoto akakua kwa masikio. Ukipita mlangoni kwao hujasema neno, anakwambia, "Dada Teenie, kiatu chako cha kulia kimeachia soli." Na kweli kimeachia. Watoto wengine walimwogopa kama mchawi.

Aliyekuwa hamwogopi ni mdogo wangu Wattie. Sisi akina Gourlay hatukusoma. Mimi shule niliiona kwa nje. Wenzangu wakiandika, mimi nilikuwa juu ya mgodi nachambua mawe kwenye makaa. Wattie peke yake ndiye alitoka na kichwa cha vitabu. Kila Jumamosi alikaa juu ya ukuta wa nyumba ya kufulia, gazeti mkononi, wanaume wamechuchumaa chini, anawasomea: mechi, migomo, nani kanyongwa, mbio za njiwa. Na kale kadogo Elspet kamekaa pale miguuni pake. Kukiwa na picha, Wattie anasimama, anamwambia, "Elspet, hapa pana bwana mnene kavaa kofia ndefu, anaonekana kama kameza saa." Mtoto anacheka mpaka analala chini. Kwa hiyo muelewe. Wattie ndiye alikuwa macho ya yule binti, kabla yeye mwenyewe hajapoteza ya kwake.

Elspet alipokuwa mkubwa kidogo walimpeleka shule ya wasioona Edinburgh. Akarudi anajua kinanda cha kanisani, anajua kufuma soksi, anasoma yale maandishi ya nukta kwa vidole. Sauti yake kanisani ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Nikitaka kusema vibaya ninayo ya kusema, hiyo siihitaji.

Basi, mwaka baada ya ule mgomo mkubwa wa wachimbaji, Wattie alitoboa mwamba, akajaza baruti, akawasha, akajificha. Baruti haikulia. Akangoja, akangoja, akasema imekufa, akarudi kuiangalia. Ikamlia usoni.

Macho yote mawili yakaenda. Sikio la kushoto likabaki linavuma kama nyuki kwenye chupa. Wakamletea mwalimu wa zile nukta. Jamani, vidole vya mchimbaji ni kwato! Wattie alikuwa anaweza kushika kaa la moto akawashia kiko, halafu ahisi kijinukta cha karatasi? Akapapasa wiki nzima, akamwambia yule mwalimu, "Bwana mkubwa, mimi hapa nahisi meza tu." Majirani wakaja kumsomea gazeti. Mwanzoni walikuja wengi, baadaye mmoja mmoja, baadaye hakuna. Na yeye mwenyewe alikuwa hataki. Alisema kusomewa ni kama kulishwa uji kwa kijiko, unameza kwa kasi ya mwenzio. Akaacha kunyoa. Akawa anakaa ameelekea ukuta. Kilichokuwa kinamtoa nje ni njiwa wake tu, wale wa mashindano, wanaorushwa mbali wakarudi nyumbani wenyewe. Yeye hawaoni, lakini anawajua mmoja mmoja kwa mlio.

Sasa hapo ndipo mashine inaingia.

Kulikuwa na mabwana waliotengeneza mashine ya umeme ya kuwasomea wasioona. Si nukta, si vidole. Unalaza kitabu chochote kilichopigwa chapa, kifudifudi juu ya kioo. Chini kuna taa, na sahani yenye vitundu inazunguka. Unazungusha mpini, mwanga unatambaa kwenye mstari, na kila herufi inalia sikioni, kwenye kitu kama cha simu. Kila herufi ina wimbo wake. Yenye shingo ndefu inalia juu, yenye mkia inalia chini, ya duara inafunguka na kujifunga. Mimi nimewekewa sikioni mara nyingi. Nilichosikia ni paka wawili wamefungiwa kabatini. Lakini mwenye sikio zuri, walisema, baada ya kujifunza atasoma.

Wakatafuta mtu mwenye sikio zuri. Wakampata Elspet. Wakampeleka Edinburgh, wakamfundisha, halafu bwana mmoja anaitwa Pettigrew, ana masharubu kama brashi ya viatu, akawa anazunguka naye kwenye miji ya wachimbaji kuionyesha. Migodini hakukosi vipofu.

Ndipo wakaja Craigmuir, ukumbi wetu wa wachimbaji. Umeme ulitoka mgodini. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wattie nilimnyoa kwa nguvu, nikamkalisha mbele. Elspet akakaa mezani, kavaa gauni la kola nyeupe, mashine mbele yake, kile kitu sikioni. Alikuwa anasikia yeye tu. Sisi wengine tuliona binti anazungusha mpini.

Bwana Pettigrew akasema, "Asije mtu akasema tumepanga. Mchungaji wenu achague kitabu chochote."

Mchungaji wetu wa zamani, Rintoul, akatia mkono mfukoni. Na mchungaji mfukoni atakuwa na kitabu gani? Akatoa kile kijitabu cha maswali na majibu ya kanisa. Katekisimu.

Hapo mnatakiwa mcheke, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Kila mtoto wa Craigmuir alikuwa amekaririshwa kitabu kile kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hata sisi tusioiona shule, Jumapili kanisani mwalimu anauliza, unajibu, anauliza, unajibu, ukikosa neno, mkanda wa ngozi kiganjani. Hata sasa mkiniamsha usingizini nitawatajia yote mpaka mwisho na mikono nimeificha mgongoni. Mchungaji angetoa tangazo la mbegu za kabichi, tungeona ukweli. Lakini kwetu sisi ukisema kitabu, kitabu ndicho kile.

Akakilaza kwenye kioo. Elspet akaanza. Neno la kwanza lilitoka herufi kwa herufi, anatafuta, anarudi nyuma, jasho linamtoka. Nyuma huko Dod Pratt, jirani yetu, mdomo hauna mlango, akapaza sauti: "Kwa mwendo huo ukurasa utaishia makaburini!" Watu wakacheka. Neno la pili. Neno la tatu. Pettigrew anavuta masharubu.

Halafu mara sauti yake ikafunguka. Akasoma. Swali zima, jibu zima, swali lingine, jibu lingine, kama anamimina maji. Mpini unakwenda mbio kama mashine ya kukamulia nguo. Wanawake wakaanza kulia. Mchungaji Rintoul akavua miwani. Mimi mwenyewe midomo ilikuwa inakwenda pamoja naye, na aliyekaa kulia kwangu midomo inakwenda, na aliyekaa kushoto. Ukumbi mzima tulikuwa tunasoma bila kitabu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza! Watu wazima na akili zao.

Alipomaliza, wakapiga makofi mpaka vumbi la makaa likadondoka darini. Wattie akasimama. Akanyoosha mkono mpaka akaipata ile meza.

"Elspet."

"Naam, Wattie."

"Mimi sitaki maneno ya huyu bwana. Nakuuliza wewe, binti wa Dowie. Umesoma kweli? Mtu kama mimi anaweza kusoma gazeti lake mwenyewe kwa hiki kitu?"

Pettigrew akamwekea Elspet mkono begani. Mimi nilikuwa karibu, niliuona ule mkono ukibana.

Elspet akasema, "Nimesoma, Wattie. Utaweza."

Hayo ndiyo maneno yake. Hakushikiwa kisu. Baadaye alikuja kusema alikuwa binti mdogo, alikuwa na njaa ya makofi, alikuwa anamwogopa Pettigrew. Sawa. Mimi pia nilikuwa binti mdogo zamani, na mkono wa bosi begani naujua. Lakini aliyemuuliza alikuwa Wattie. Angekuwa mwingine yeyote, sijui. Alikuwa Wattie.

Mashine ile, kwa bei yake, haikuwa ya watu kama sisi. Wachimbaji wakachangishana, fidia ya macho ikaingia yote, na bado ikapelea. Wattie akauza njiwa wake. Wote, mpaka yule jike wa kijivu aliyemlea kwa kumtafunia mbegu mdomoni. Kawauzia mtu wa kijiji cha pili. Siku ya kuwachukua alikaa ndani, kaweka mikono masikioni.

Mashine ikaletwa kwa mkokoteni, ikawekwa meza ya jikoni. Betri yake ya asidi nilikuwa naibeba mimi mpaka chumba cha taa cha mgodini ikajazwe umeme, na ikanichoma aproni mbili. Elspet alikuwa ameacha kazi ya Pettigrew, karudi kwao. Akawa anakuja kila alasiri kumfundisha Wattie. Kulikuwa na visikilizio viwili, cha mwalimu na cha mwanafunzi. Wanakaa pale kichwa kwa kichwa, Wattie anazungusha.

"Hiyo herufi gani?"

"Ya duara."

"Hapana, Wattie. Hiyo ina mguu. Rudia."

"Mguu uko wapi? Mimi sisikii mguu."

"Uko juu. Unalia juu kabisa."

Zile sauti za juu ndizo baruti ilizoondoka nazo. Hatukujua. Alikuwa anasikia nusu ya herufi, kama mtu anayesoma karatasi iliyoliwa na panya. Vuli ikapita, theluji ikaja. Gazeti hakupata hata mstari mmoja. Anapata herufi tano, zinamtoroka, anazirudia, zinabadilika.

Na mimi nikaanza kumwona Elspet. Nikimkatia mkate anasema ameshiba, huku tumbo linanguruma nalisikia kutoka pale kwenye jiko. Nikimsogezea kiti karibu na moto anasema hapa panatosha. Nikajisemea mwenyewe, huyu anaona aibu kula kwa watu maskini. Kumbe.

Siku moja tuko nje, akasimama ghafla, kichwa juu.

"Dada Teenie, hao juu ya paa ni njiwa wa nani?"

"Wa Wattie. Wamerudi. Ni mara ya tatu hii."

"Si aliwauza?"

"Aliwauza. Ila wao hawajaambiwa."

Nilifikiri atacheka. Akashika ukuta, akawa mweupe kama unga. Yule mtu wa kijiji cha pili akaja na kikapu, akawakamata tena mbele ya Wattie. Na jike wa kijivu analia ndani ya kikapu, na Wattie anamjua kwa mlio. Elspet amesimama pale pale ukutani, anawasikia wote wawili, njiwa na mwenye njiwa.

Hapo pia angeweza kusema. Hakusema.

Lililonikaa mimi moyoni si njiwa, wala si fidia. Ni lile alilojifanyia Wattie kichwani mwake. Alianza kujipiga. Kweli kabisa, ngumi paji la uso. "Kichwa cha punda! Elspet, wewe ulisoma ukurasa mzima kama unakunywa maji. Mbele ya watu wote. Mimi miezi yote hii hata jina la gazeti sijalipata."

"Si kichwa, Wattie. Ni mazoezi."

"Mazoezi! Wewe ulijifunza muda gani? Si hivi hivi tu? Sema."

"Mimi… nilianza zamani kidogo na muziki."

"Ndiyo nakwambia. Kichwa cha punda."

Mtu ambaye kijiji kizima kilikuwa kinamchuchumalia kusikiliza! Akaanza kuongea taratibu kama wajinga wanavyoongea, anauliza mara mbili mbili, anasema, "Teenie, mimi akili yangu ililipuka na baruti, msinifiche." Na Elspet kakaa pale, anajua dawa, dawa iko mdomoni mwake, na mdomo kaufunga.

Basi ikafika Jumamosi moja. Namenya viazi. Wattie akasema, "Teenie, nipe kile kitabu alichosoma yeye. Labda herufi zake ni nzuri kuliko za gazeti."

Elspet akasema haraka, "Hapana, tuendelee na gazeti."

"Nipe, Teenie."

Nikakitoa juu ya kabati, nikakilaza kifudifudi. Akazungusha. Herufi ya kwanza, ya pili. Akakwama, akarudi. Nikaona uso unabadilika. Akasema neno. Akasema la pili. Halafu akasema, kwa sauti ile ya zamani, ya juu ya ukuta wa nyumba ya kufulia, "Subirini. Subirini! Nimelipata!" Na akaanza kusoma.

Kisu kiliniponyoka. Swali la kwanza na jibu lake, swali la pili na jibu lake. Nikakimbilia mlangoni na maganda mkononi nikapiga kelele, "Dod! Njooni! Wattie anasoma!" Wakaja wote, wengine wametoka mgodini hawajanawa. Wakajazana jikoni mpaka kwenye ngazi. Wattie anasoma, anacheka, machozi yanamwagika kwenye yale makovu, anapunga mkono kama mchungaji mimbarini. Dod Pratt kavua kofia. Miaka yote sijawahi kumwona Dod kichwa wazi nje ya mazishi. Akasema, "Mwenzetu karudi." Mwingine akasema, "Kesho kutwa ukutani, Wattie! Lete gazeti!"

Nikamwangalia Elspet nimshukuru. Alikuwa na kisikilizio chake bado sikioni. Uso wake umekauka kama shuka lililotiwa wanga.

"Wattie," akasema.

Wattie anaendelea.

"Wattie. Zungusha mpini."

"Si nazungusha!"

"Huzungushi. Mkono wako uko hewani. Mashine imesimama tangu swali la pili. Inalia herufi moja tu, ileile."

Wote tukautazama ule mkono. Ulikuwa juu, kweli, umekunjuliwa. Wattie akaushusha polepole, akapapasa, akaukuta mpini pale alipouacha.

"Basi nilikuwa nasoma nini?" akauliza.

"Kichwa chako. Ulipata maneno mawili, kichwa kikajua yaliyobaki." Akakiweka kisikilizio mezani. "Ndivyo nilivyofanya mimi ukumbini. Maneno matatu yalikuwa ya mashine, Wattie. Yaliyobaki yalikuwa ya mkanda wa mwalimu. Nilizungusha mpini mbio ili uonekane unakwenda."

Dod akasema, na hakuwa anatania, "Lakini aliuliza, binti. Tulikuwepo sote. Alisimama akakuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukamjibu?"

"Nikamjibu nimesoma."

Mimi nilimshika mkono nimtoe. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia kwa kuwa nyie ni watoto, ila moja nalirudia: "Heri ungetuibia. Mwizi anajua kukimbia, wewe ulikuja kukaa mezani kwetu kila siku!" Akasema, "Ndiyo, dada." Nikamwambia, "Usiniite dada." Akasema, "Ndiyo." Hakulia. Angelia ningempiga.

Wattie alikuwa bado kashika mpini. Akasema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe, "Kumbe mimi si mjinga."

Wanaume wazima wanatazama viatu.

"Teenie, umesikia? Mimi si mjinga. Hata yeye alikuwa hawezi."

"Nimesikia, Wattie."

"Gazeti unaweza kulisoma, Elspet? Ukweli sasa."

"Polepole. Polepole mno. Neno, halafu napumzika."

"Basi toka. Kesho kutwa urudi, uje na gazeti. Uliwaambia watu unasoma. Utasoma."

Nikasema, "Huyu hakanyagi hapa tena!" Wattie akasema, "Nyumba ya nani hii, Teenie?" Ilikuwa yake. Nikarudi kwenye viazi vyangu.

Akarudi kweli, Jumatatu. Siku ya kwanza alasiri nzima alipata kichwa cha habari kimoja, ati bei ya samaki imepanda Aberdeen. Wattie kakaa kampa mgongo. Mimi nilivuta kiti nikakaa ubavuni kwake na kijiko cha mbao, naangalia mpini tu. Herufi sizijui, lakini mkono uliosimama naujua. Ukisimama na mdomo unaendelea, nampiga vidole kwa kijiko. Nilimpiga mara nyingi mwanzoni, maana kichwa chake kilikuwa na tamaa, kinakimbilia neno kabla sikio halijafika. Alikuwa anasema, "Samahani, narudi," anarudi mwanzo wa mstari.

Mwaka wa kwanza, wa pili. Akawa anamaliza habari fupi viazi vikiiva. Baadaye ndefu. Wattie akaanza kugeuka kidogo kidogo, akachukua kisikilizio cha pili, sikio zuri, akawa anakamata zile herufi za chini alizobakiwa nazo. Wakaanza kugombana.

"Hapo hapana mkia, umebahatisha."

"Upo mkia, Wattie, wewe huusikii."

"Mkia ndio nausikia mimi! Ya juu ndiyo siisikii. Rudia."

Na alikuwa sahihi, hapakuwa na mkia. Dod akipita dirishani anauliza, "Hawa wameoana au wameshtakiana?" Nikamwambia kesi ingekuwa imeisha.

Pettigrew alirudi mara moja, na kofia mpya. Alimtaka kwa maonyesho makubwa Glasgow, mabibi na mabwana. Elspet akamwambia mlangoni kwetu, nikisikia, "Nitakuja ukikubali wanipe gazeti la asubuhi hiyohiyo, na mtu wa kuniangalia mkono." Akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria. Hata wale mabwana wa mashine mwishowe walifunga, maana wanunuzi walikuwa wachache, na waliokuwa na sikio ni wachache zaidi.

Kuna bwana mmoja aliyefiwa na mkewe, mpiga kinanda wa kanisa la kijiji cha pili, alitaka kumuoa. Mtu mzuri, na nyumba ya mawe. Elspet akamwambia alasiri zake zina mwenyewe. Mchungaji mpya anaita huo upendo. Wengine wanauita utakatifu. Mimi niliyekaa na kijiko nauita jina lake. Alikuwa anafanya kweli, siku kwa siku, lile alilosema siku ile amekwisha kulifanya. Na mpaka siku ya mwisho hakuwahi kula mkate kwetu. Nilikuwa nakata, nakiweka kipande mbele yake, kinakauka, nawapa njiwa.

Njiwa ndiyo. Yule mtu wa kijiji cha pili alichoka na kikapu, akawaacha.

Wattie alikufa kwa kifua, kama wote. Siku za mwisho alitaka habari za mbio za njiwa tu, njiwa waliorushwa kutoka Ufaransa kuvuka maji. Elspet alikuwa anamsomea, neno, neno, Wattie anapumua kati ya neno na neno. Alasiri ile walifika mahali ambapo njiwa wa kwanza ameonekana juu ya Newcastle, na betri ikaisha. Wattie akasema, "Kesho." Asubuhi nikamkuta amekwenda.

Watu mnaniuliza nilimsamehe? Sikumsamehe. Ile miezi ambayo mdogo wangu alijipiga ngumi na kujiita punda, nani ataichukua aiweke wapi? Elspet mwenyewe hakuniomba msamaha hata mara moja, na hilo ndilo jambo moja ninalomheshimu.

Baada ya mazishi ya Wattie, kesho yake alasiri, mlango ukagongwa. Yeye. Gauni jeusi, fimbo, na betri kaibeba mwenyewe kutoka chumba cha taa, njia nzima, asidi imemchoma sketi.

Nikamwambia, "Wattie hayupo. Umefuata nini?"

"Najua hayupo, Bibi Gourlay. Ile habari hatukuimaliza."

Nikasogea, akapita na betri yake. Gazeti lilikuwa bado juu ya kioo kama walivyoliacha. Nikaenda kabatini, nikachukua kijiko, nikarudi nikakaa kwenye kiti changu.

"Zungusha," nikamwambia. "Mimi nakuangalia mkono."